Mnunuzi wa mali ya wizi naye ni mwizi

Mtumishi wa umma huegesha gari lake kando ya mtaa mmojawapo wa Kariakoo, Dar es Salaam, akaingia dukani kununua madaftari ya watoto. Akirejea baada ya dakika kumi hukuta kioo cha pembeni kimeng'olewa. Aghalabu haendi Kituo cha Polisi. Humpigia simu fundi wake, naye fundi humweleza kwamba kioo kipya ni ghali, lakini yuko kijana awezaye kupata kilichotumika kabla ya jua kuchwa. Jioni kioo hupatikana. Fedha hulipwa, risiti haitolewi, wala hapana anayeuliza kimetoka kwenye gari la nani. Kesho yake mtumishi mwingine hulia, na fundi mwingine hupigiwa simu.

Hivyo ndivyo wizi wa vipuri unavyojilisha wenyewe. Si ajabu hata mtu kuuziwa kioo chake mwenyewe, akashukuru kwa kupunguziwa bei.

Yafaa chanzo cha hali hii kieleweke. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri vilikuwa adimu. Tangu biashara ilipolegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yameingia kwa wingi, na mengi ni ya aina chache zinazofanana. Taa au kioo cha Toyota IST moja hukaa sawasawa kwenye IST nyingine bila kupigwa tupa. Aidha, injini na fremu ya gari zina namba zilizoandikwa katika kadi ya usajili, lakini kioo, taa, redio na betri havina jina la mwenyewe. Gari zima ni taabu kulificha. Kioo huingia katika mfuko na kupotea sokoni.

Kwa sababu hiyo, wajibu wa kwanza wa mwenye gari ni kuvipa vifaa vyake jina. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya usajili ichorwe kwenye vioo vyote na kwenye taa, kwa mchoro usiofutika, na vioo vya pembeni vikazwe kwa ribiti. Kioo chenye namba ya gari jingine humtia hofu muuzaji na humnyima mnunuzi kisingizio. Nyumbani pawepo daftari lenye namba za injini na fremu, namba ya kompyuta ya mpakato, na namba ya utambulisho ya simu, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Asiyejua namba ya mali yake hawezi kuithibitisha mbele ya Polisi hata ikiwa imekamatwa na kuwekwa mezani.

Wajibu wa pili ni kutomshawishi mwizi. Kioo cha mlango wa gari hutengenezwa kwa namna ambayo kikigongwa kwa nguvu katika nukta moja husambaratika kuwa chembe ndogo ndogo, ili kisiwakate abiria wakati wa ajali. Usalama huo wa abiria ndio urahisi wa mwizi. Mlango uliofungwa kwa ufunguo ni kinga dhaifu ikiwa mkoba unaonekana kitini. Vitu viwekwe kwenye buti kabla ya kuanza safari, kwa maana anayefungua buti mbele ya soko ili afiche mkoba wake amekwisha kuwaonyesha wote wanaovizia. Anayefunga gari kwa rimoti avute kitasa kwa mkono kabla ya kuondoka, kwa sababu wako wahalifu wenye vyombo vya kuzuia mawimbi ya rimoti, na mwenye gari huondoka akiamini amefunga.

Kwa mwalimu na mtumishi wa umma jambo hili ni zito zaidi. Mkoba ulioachwa ndani ya gari huwa na karatasi za mitihani zilizokwisha kusahihishwa, alama za darasa zima, au jalada la mwananchi anayedai haki ya kiwanja chake. Mwizi atauza kompyuta na kutupa karatasi mtaroni. Hasara ya kompyuta ina bei. Hasara ya jalada humwangukia mtu ambaye hakuegesha gari popote wala hakujua kwamba shauri lake lilikuwa likilala kwenye kiti cha nyuma. Mali na kumbukumbu za umma hazina haki ya kusahauliwa garini.

Hata hivyo, tahadhari zote hizo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumnyima mwizi soko. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kioo kilichouzwa gizani, kwa bei ya chini mno na bila risiti, ni sababu tosha ya kuamini.

Mwaka 1983, marehemu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, walanguzi walitupa usiku bidhaa walizokuwa wamezificha. Lakini ulanguzi ulikuwa na wateja, na wengi wao walikuwa watu wa heshima waliolalamika mchana na kununua usiku. Wateja wale waliweza kujitetea kwa uhaba. Leo vipuri halali vimejaa madukani, vipya na vilivyotumika, na kisingizio kilichobaki ni bei.

Ni kweli kwamba bei huuma, na mshahara wa mwalimu una wadai wengi kabla ya kioo cha gari. Lakini vipo vipuri vilivyotumika ambavyo vimeingizwa nchini kwa halali, na muuzaji wake hutoa risiti. Tofauti ya bei kati ya hivyo na vya wizi haiwi faida, maana anayeifurahia leo ataitoa kesho gari lake litakapopata zamu.

Liko pia jambo la aibu kubwa. Kelele ya mwizi inapopigwa, kijana aliyeng'oa taa hupigwa mawe, na mara nyingine huchomwa moto mbele ya umati. Aliyemwagiza taa hiyo hupita na gari lake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kumwua mtuhumiwa ni kosa la jinai, na ni dhuluma, maana adhabu ya kosa la wizi hutolewa na mahakama peke yake. Wananchi wamkamate mwizi bila kumdhuru na kupiga simu Polisi namba 112. Aliyeibiwa naye aende kituoni akachukue RB, hata kama kilichoibwa ni kofia ya gurudumu. Wizi usioripotiwa hauingii katika hesabu za Polisi, na mtaa usio na hesabu ya wizi haupangiwi doria.

Katika miaka ya 1980, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waliunda Sungusungu kupambana na wizi wa ng'ombe. Yalikuwako makosa ya kupita kiasi, na mwaka 1989 sheria iliutambua ulinzi huo. Silaha yao mojawapo ilikuwa kumtenga mkosaji: hapana aliyemsaidia wala kushirikiana naye. Ulinzi shirikishi wa mitaani unahitaji silaha hiyo hiyo. Ofisi na shule zianze kwa kukubaliana kwamba fundi anayeleta kipuri kisicho na risiti hapewi kazi tena, na viongozi wa mitaa na mabalozi wa mashina wayaweke magereji yaliyo katika maeneo yao chini ya macho ya wananchi.

Mwizi wa kioo hukesha kwa ajili ya mteja. Mteja huyo akikataa, kioo kitabaki kwenye gari la mwenyewe.