Mlevi Apimwe Kabla ya Kufukuzwa

Kuanzia Kahe hadi vijiji vya juu vya Kilimanjaro, mbege ni kinywaji cha heshima: hunywewa katika posa, matanga na upatanishi. Lakini mtumishi akizidiwa na pombe, jamii humcheka, mkuu wake humwandikia barua ya onyo, na hatimaye hufukuzwa. Njia ya zahanati haonyeshwi.

Huo ni upofu. Uraibu ni maradhi. Mwili uliozoea pombe ukiikosa hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi. Karipio haliponyi hayo.

Kipimo kipo. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa maswali 10 yaitwayo AUDIT, yenye jumla ya alama 40. Anayefikia 8 huhesabiwa kuwa hatarini. Watafiti waliyajaribu kwa Kiswahili katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa majeruhi wa kichwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Basi hatuna udhuru wa lugha wala wa gharama.

Wapo watakaosema huku ni kuwalea wazembe. La hasha! Mwalimu anayeingia darasani amelewa lazima awajibike. Lakini kumfukuza tu hakumalizi ulevi. Ni kuuhamishia kwa mkewe na watoto.

Ndugu wakuu wa shule na idara, maswali hayo yaulizwe na mganga, kwa siri, wala majibu yasiingizwe katika jalada la kazi. Anayeogopa kupoteza mkate wake hatasema kweli, na mgonjwa asiyesema kweli hatibiki.