Kila Kazi na Chombo Chake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliousema msemo huo walikuwa wakimwonya mfanyabiashara asiyeandika. Siku hizi daftari limeingia ndani ya kompyuta, na onyo lenyewe limeongezeka uzito: hata mali iliyoandikwa yaweza kupotea bila habari, endapo daftari lililochaguliwa silo.

Jambo hilo lilidhihirika nchini Uingereza mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Majibu ya vipimo yalitoka katika maabara mbalimbali, nayo idara ya afya ya umma ya England iliyakusanya kwa kuyaingiza katika Excel, programu ya majedwali inayotumika katika maofisi duniani kote. Programu hiyo haina ubaya. Lakini mafaili yaliyotumika yalikuwa ya muundo wa zamani, usioweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kwa kuwa jibu la mtu mmoja lilichukua mistari kadhaa, kila faili liliweza kubeba watu wapatao 1,400 tu. Faili lilipojaa, waliofuata waliachwa nje, wala hapakuwa na kengele iliyolia.

Kwa sababu hiyo, baina ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kupewa majibu yao. Waliosahauliwa ni wale waliokuwa wamekutana nao, ambao hawakutafutwa wala kuonywa kwa wakati. Mtu asiyeonywa huenda kazini, hupanda basi, na jioni huketi kula na wazazi wake. Hivyo ndivyo kosa la mezani mwa karani linavyoweza kufika hadi jikoni mwa mtu asiyemjua.

Yafaa kutazama kosa hilo lilikuwa wapi hasa. Muundo mpya wa programu hiyo hiyo, wenye kubeba mistari 1,048,576, ulikuwa umekwisha kutolewa tangu mwaka 2007. Lakini hata huo ungalikuwa gunia kubwa zaidi tu, na gunia nalo hujaa. Jedwali limeundwa kwa ajili ya kupiga hesabu: bajeti ya mwezi, posho za safari, matumizi ya mafuta ya magari. Kupokea taarifa za maelfu ya watu kila siku, kutoka mahali pengi, ni kazi ya hifadhidata, ambayo huweza kuwekewa masharti ya kukataa taarifa isiyotimia, na kutumiwa na watu wengi kwa pamoja bila mmoja kuharibu kazi ya mwenzake.

Hata katika ofisi ndogo hasara hujificha. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Rwanda ina tarakimu 16, na ya Tanzania ina tarakimu 20. Excel hutunza kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza kuwa sifuri. Karani akiorodhesha askari wapya kwa namba hizo, akaziandika mfululizo kama namba za hesabu, huenda watu wawili wakajikuta na namba moja, na mmoja wao akakosa mshahara asijue sababu. Kadhalika namba ya simu ianzayo na sifuri hupoteza sifuri hiyo. Dawa yake ni ndogo: safu hiyo ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandikwa tarakimu ya kwanza.

Basi mkuu wa ofisi na aanze na tatizo, asianze na programu. Ajiulize: ni kitu gani kinachoandikwa, na kitaongezeka kwa kiasi gani baada ya mwaka? Ni wangapi watakaokiandika? Karani akihamishwa, atakayempokea ataelewa? Umeme ukikatika, nakala iko wapi? Na swali lililo kubwa kuliko yote: likitokea kosa, nani atalijua, na kwa njia gani? Lau swali hilo la mwisho lingalijibiwa kule England mapema, hesabu ya majibu yaliyopokelewa ingalilinganishwa na hesabu ya yaliyoingizwa, na pengo lingalionekana siku ile ile.

Majibu ya maswali hayo si lazima yaelekee kwenye kompyuta. Daftari la ghala la silaha ni mfano mwema. Katika jedwali la kawaida, mtu aweza kufuta mstari wa jana na ukurasa ukabaki safi. Katika kitabu kilichoshonwa, chenye kurasa zenye namba na sahihi ya kila aliyechukua na kurudisha, aliyefuta huacha alama na aliyechana huacha pengo. Kompyuta ikiletwa hapo, hapana budi iwe na programu yenye kuhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Vinginevyo kikosi kitakuwa kimebadilisha mlinzi macho kwa mlinzi aliyelala.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Kikundi cha akiba cha wake wa askari, chenye wanachama 20, hakihitaji programu ya kununua. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti, pamoja na kijitabu cha kila mwanachama, hutosha, maana kila mmoja huona fedha yake ikihesabiwa mbele ya macho yake. Wanachama wakifika mia mbili, na michango ikianza kupitia simu, hapo ndipo mazungumzo ya kompyuta yafaapo kuanza.

Fundi hapimwi kwa wingi wa vyombo vilivyomo mkobani. Hupimwa kwa kile anachokitoa baada ya kuutazama vizuri mlango uliovunjika.