Mambo ya Nyumbani: Pojo za Kukaanga kwa Desturi ya Kihindi

Katika maduka ya Wahindi mjini Mombasa, Nairobi na Kisumu huuzwa vitafunio vya namna nyingi: chevda, ganthia, sev, na pojo zilizokaangwa hata zikawa kavu, za rangi ya dhahabu, zenye chumvi na pilipili. Chakula hiki kilikuja pamoja na watu wenyewe. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, tangu mwaka 1896 hadi 1901, wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na wenye maduka, wengi wao watu wa Gujarat, waliifuata reli mpaka bara. Walichukua na desturi zao za jikoni. Hata neno karai, ambalo leo ni la kila nyumba, asili yake ni huko.

Lakini punje zenyewe si ngeni kwa mkulima wa Kenya. Pojo, ambazo watu wengi wa bara huziita ndengu, hustawi katika nchi kavu za Kitui, Makueni na Tharaka, na huwa tayari kuvunwa baada ya siku 60 hadi 90. Mkulima huuza magunia yake wakati wa mavuno, kila mtu anapouza na bei imeshuka. Kisha mwanawe aliye karani mjini hununua punje zizo hizo katika mfuko mdogo, apate kutafuna pamoja na chai ya saa nne, naye huzilipia mara kadhaa ya ile bei aliyopewa baba yake. Faida iliyo kati ya gunia na mfuko ni malipo ya kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira aweza kuifanya nyumbani kwake.

Walio wengi waliojaribu kazi hii walishindwa kwa njia moja kati ya mbili. Wengine walikaanga punje kavu, zikawa ngumu kama changarawe. Wengine walizitoa majini wakazitia katika mafuta papo hapo, mafuta yakafura na kumwagika motoni. Makosa yote mawili yana asili moja, nayo ni maji. Punje yapaswa kuwa na maji ndani, ili yakipata moto yageuke mvuke, yaipanue punje na kuiacha nyepesi, yenye kuvunjika menoni. Lakini nje yapasa iwe kavu kabisa. Mwenye kuyashika maneno haya mawili, maji ndani na ukavu nje, ameijua kazi nusu.

Pojo zifaazo ni zile zilizopasuliwa na kuambuliwa maganda, ambazo Wahindi huziita mung dal. Aliye na pojo zake za shambani aweza kuzipasua kwa jiwe la kusagia, akizisaga kwa mkono mwepesi ili zisiwe unga, kisha azipepete kwa uteo. Maganda yaliyosalia yatatoka zikisha kulowekwa: husuguliwa kwa mikono ndani ya maji, nayo huelea na kumwagwa.

Vikombe 2 vya pojo vyatosha kwa mara ya kwanza. Zioshwe mpaka maji yatoke meupe, kisha zilowekwe katika vikombe 6 vya maji safi kwa saa 4 hadi 6. Zisilale usiku kucha, maana hulainika mno. Punje iliyo tayari hukatika upesi ikibanywa kwa ukucha, lakini haipondeki.

Baada ya hayo zichujwe vizuri, zitandazwe juu ya kitambaa safi cha pamba, mahali penye kivuli na upepo, kwa muda wa saa moja hivi. Zisianikwe juani, kwa kuwa jua kali litanyonya hata yale maji ya ndani yanayohitajiwa. Mtu akizipitishia kiganja na kiganja kikabaki kikavu, zimefaa.

Mafuta ya alizeti au mafuta mengine ya kupikia yatiwe katika karai, yasizidi thuluthi ya kina chake, ili yapate nafasi ya kufura. Asiye na kipimo cha joto ajaribu kwa punje moja. Ikizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi. Ikipanda juu upesi huku ikitoa mapovu, ni tayari. Ikigeuka rangi ya kahawia mara moja, moto ni mkali mno. Punje zitiwe konzi moja moja, nazo zafaa kuwekwa ndani ya chujio la waya ili zitolewe zote kwa pamoja. Mapovu yatakuwa mengi mwanzoni, kisha yatapungua kadiri maji yanavyokwisha. Baada ya dakika 2 au 3 yatatulia, na punje zitaelea. Hapo zitolewe bila kukawia, zingali za rangi ya manjano, kwa sababu zikingojwa mpaka ziwe nyekundu zitakuwa chungu.

Zimwagwe juu ya karatasi safi ili mafuta yanywewe, na zingali moto zinyunyiziwe chumvi nusu kijiko kidogo, pilipili ya unga, na jira iliyosagwa kwa apendaye. Ndimu isikamuliwe ila wakati wa kula, kwani maji yake huzilegeza. Kisha ziachwe mpaka zipoe kabisa ndipo zifungiwe katika mkebe usioingiza hewa. Mkebe ukifungwa mapema, mvuke hugeuka maji ndani yake, na kazi yote huwa bure.

Liko jambo moja lililo kubwa kuliko utamu. Mafuta ya moto yamewaacha watoto wengi na makovu ya maisha. Jiko lisiwekwe mahali watoto wanapopita, na mpishi asijifunge leso yenye kuning'inia. Mafuta yakishika moto, yasimwagiwe maji kamwe, wala karai isibebwe kupelekwa nje. Moto wa jiko uzimwe ikiwezekana bila hatari, na karai ifunikwe kwa mfuniko wa bati mpaka ipoe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yasiyo barafu juu ya jeraha kwa dakika 20. Asipakwe siagi, mafuta, wala dawa ya meno, ijapokuwa wazee na jirani wakishauri hivyo. Mtoto mdogo aliyeungua, na mtu yeyote aliyeungua uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili, apelekwe hospitali mara moja.

Tena, watoto wachanga wasipewe punje hizi, maana ni ndogo na ngumu, nazo zaweza kuwapalia. Na watu wazima wakumbuke kwamba hiki ni kitafunio, si mlo. Pojo kavu zina karibu sehemu 24 katika 100 za chakula cha kujenga mwili, lakini zikisha kukaangwa huchukua pia mafuta na chumvi. Konzi moja pamoja na chai yatosha. Siku nyingine pojo zipikwe mchuzi, kama ilivyo desturi.

Mwenye shamba ambaye hutenga debe moja katika mavuno yake, akalihifadhi pakavu mbali na dumuzi, atakuwa na kitu cha kuwapa wageni na cha kumfungia mwanawe arudipo kazini mjini. Haba na haba hujaza kibaba; na kibaba kikitoka katika shamba la mtu mwenyewe, hakuna haja ya kukinunua mara ya pili.