Shule zikifungwa, nani atachangia damu Mbinga?

Mapema Desemba wanafunzi wa sekondari za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, hufungasha magodoro na kurudi makwao, na mvua huwa imeshaanza. Kwa wodi za watoto huo ni msimu mgumu. Wanafunzi ni tegemeo kubwa la ukusanyaji wa damu nchini, na wanatawanyika wakati ule ule malaria inapoanza kupanda mwambaoni mwa Ziwa Nyasa na watoto wadogo kuletwa hospitali wakiwa wameishiwa damu.

Damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Hukaa siku 35 tu, tena kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6. Iliyotolewa na kidato cha nne mwezi Oktoba haiwezi kumsaidia mtoto wa Liuli, kando ya ziwa, mwishoni mwa Januari. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu, cha chupa moja kwa kila watu 100 kwa mwaka, Ruvuma yenye watu 1,848,794 kwa sensa ya 2022 inahitaji takribani chupa 18,500. Hesabu hiyo haibebeki na vijana wa shule peke yao. Inawahitaji wazazi wao.

Na wazazi wana sababu za kusita ambazo hazistahili kubezwa.

Mkulima wa Umatengo, nyanda za juu za Mbinga, hufanya kazi mlimani. Desemba kuna mahindi ya kupanda, Machi kuna ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, za kuchimba. Anajiuliza akitoa damu leo, kesho atashika jembe kwa nguvu zipi? Mara nyingi hujibiwa kwamba kuchangia damu hakuna madhara yoyote, basi. Jibu hilo ni fupi mno. Mchangiaji hutoa kama mililita 450. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi, hasa kwa mwanamke. Ndiyo maana mwanamume hutakiwa kukaa miezi 3 kabla ya kuchangia tena, mwanamke miezi 4. Mtu akiambiwa hayo yote, na akaambiwa anywe maji ya kutosha na siku hiyo asibebe gunia la mbolea, atapanga kazi zake. Akifichwa, kisha akapata kizunguzungu shambani, harudi tena, na jirani zake hawaendi kabisa.

Hofu nyingine ni majibu. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Wapo wanaoogopa kuambiwa, na wapo wanaoumia kwa sababu hawakuambiwa: walitoa mkono, wakapewa soda, wakasubiri simu ambayo haikulia. Ukimya huo unaharibu zaidi kuliko sindano.

Lipo pia dukuduku la kurudisha damu. Mtu amechangia bure kwa hiari yake, kisha mkewe anatokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, na familia inaambiwa ilete ndugu wa kuchangia. Anajiona kama hajawahi kutoa chochote. Minong'ono kwamba damu inauzwa hupata nguvu hapo, na eneo letu lina kumbukumbu ndefu ya mumiani. Oktoba 2017, kwa majirani zetu wa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa, hadi Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Uvumi wa namna hiyo haupoozwi kwa mabango. Watu waelezwe wazi kwamba mfuko, vitendanishi na umeme wa jokofu vina gharama, na kadi ya mchangiaji iheshimiwe siku nyumba yake inapopata shida.

Basi timu za damu salama zisisubiri shule zifunguliwe. Desemba hadi Machi ziende kwenye mikutano ya vyama vya ushirika vya kahawa, vigango baada ya ibada ya Jumapili, na mialo ya Mbamba Bay na Liuli asubuhi mitumbwi inaporudi na dagaa. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imeshafupisha safari ya sanduku la baridi. Zibebe pia daftari la namba za simu, na kila aliyechangia apate majibu yake, kwa siri, kabla palizi ya mahindi haijaisha.