Krismasi Si Yetu, Mbona Nauli Yake Twailipa?

Kila ufikapo mwezi wa Disemba huyasikia malalamiko yale yale, barazani, nje ya msikiti baada ya sala, na hata jikoni kwa kina mama: nauli zimepanda, mabasi yamejaa, treni haina nafasi, na fulani hakuweza kuja harusini kwa binamu yake. Kisha lawama zote hutwikwa wenye magari. Mimi siwatetei wenye magari. Wao ni wachuuzi, na mchuuzi amwonapo mnunuzi ana haraka hupandisha bei. Ninalouliza ni hili: sisi Waislamu wa pwani, ambao tarehe 25 Disemba kwetu ni siku kama siku nyingine, twaingiaje katika msukumano huo tukalipa bei ya sikukuu isiyo yetu?

Jawabu langu ni kwamba wengi wetu twasafiri juma lile kwa mazoea, si kwa dharura. Hebu tutazame mambo yalivyo. Skuli zimefungwa, ndugu walioko Nairobi wamepata ruhusa kazini, walioko Jeddah, Muscat na London wameshuka. Basi twazirundika harusi zetu na matembezi yetu yote katika siku kumi zile zile ambazo nchi nzima iko njiani. Watu wa bara wanaofanya kazi Mombasa wanarudi makwao kula sikukuu na wazee wao. Watu wa Nairobi nao wateremka kuja kuoga bahari Nyali na Diani. Barabara ni hiyo moja, na reli ni hiyo moja. Gari hujaa likenda, na hujaa likirudi.

Wala msiniambie kwamba hakuna siku nyingine. Likizo kubwa ya skuli zetu haianzi tarehe 20 Disemba. Watoto, isipokuwa wale wenye mitihani, wako nyumbani tangu mapema Novemba, na hawarudi madarasani mpaka Januari. Kuna siku arubaini nzima ambazo mabasi huondoka na viti vitupu, na makanga humbembeleza abiria apande. Siku hizo twazikalia barazani. Ikifika tarehe 21 ndipo baba akumbuka kuwa ana dada yake Nairobi.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Mtu wa pwani ya zamani alisafiri kwa pepo. Jahazi za Arabuni na Bara Hindi zilikuja na kaskazi, ambayo ndiyo hiyo yaanza kuvuma katika miezi hii tunayoizungumza, na zikarudi na kusi. Kusi ilipokuwa kali, Juni na Julai, nahodha mwenye akili hakutoka safari ya mbali. Mwaka wetu wa Nairuzi ulihisabiwa kwa miongo, kumi baada ya kumi, na mabaharia na wakulima walijua mwongo gani ni wa kutoka na mwongo gani ni wa kutulia. Hakuna aliyeulaumu upepo. Kila mtu aliujua, akajipanga nao. Leo pepo zetu ni za nauli, nazo huvuma kwa wakati unaojulikana: juma moja kabla ya Krismasi, na siku chache baada ya Mwaka Mpya watu warudipo kazini na watoto skuli. Jambo linalokuja kila mwaka kwa tarehe ile ile haliwi la ghafula ila kwa asiyetaka kuhisabu.

Na hisabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa baba, mama na watoto watatu wakubwa wa kukalia kiti kizima, watoka Mombasa kwenda Nairobi. Tuseme nauli ya siku za kawaida ni shilingi 1,500. Kwenda na kurudi, watu watano, ni shilingi 15,000. Ikipanda kufikia 2,500, jumla ni shilingi 25,000. Hizo 10,000 zilizozidi hazikununua kiti kizuri zaidi wala dereva mwema zaidi. Zimenunua tarehe tu. Nayo Januari haiko mbali, na karo na sare na madaftari yake.

Treni nayo ina somo lake. Tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, nauli yake haipandi kwa kuwa ni sikukuu. Serikali huipanga, ikakaa hapo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilipandishwa daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na kelele zilikuwa nyingi, lakini bei hiyo ilikuwa ni ile ile Machi na Disemba. Kisichokuwako Disemba ni nafasi. Tikiti hukatwa siku nyingi mbele, hata kwa simu, na anayekumbuka siku tatu kabla hukuta wenziwe washamaliza. Hapo ndipo wajanja wa mitaani hutokea, wakidai wanazo tikiti za akiba. Jihadhari nao. Tikiti huandikwa jina la abiria na nambari ya kitambulisho chake, na iliyoandikwa jina la mtu mwingine haitakupitisha mlangoni. Tena usisahau kuwa kituo kiko Miritini, si mjini, na kule mwisho ni Syokimau, si katikati ya Nairobi. Nauli ya kufika huko na ya kutoka huko ni sehemu ya safari, na ukaguzi wa mizigo wataka uwahi saa nzima au zaidi.

Huenda mtu akanambia: "Ndugu yangu, mimi mwajiriwa. Tajiri wangu hufunga kazi tarehe 23, hanipi ruhusa kabla." Kweli, na wa namna hiyo ni wengi. Lakini je, mkewe na watoto wameajiriwa? Watangulie wao mapema Disemba kwa nauli ya kawaida, na baba afuate peke yake. Atakuwa amelipa kiti kimoja kwa bei ya juu badala ya vitano. Tena tunayo nafasi moja ambayo jirani zetu Wakristo hawana. Siku yenyewe ya tarehe 25, wakati wao wako kanisani na mezani, barabara mara nyingi huwa nyeupe. Kwetu ni siku halali ya safari. Mwenye kazi na aondoke asubuhi hiyo baada ya sala ya alfajiri, afike mchana kwa utulivu.

Asubuhi, nasema, si usiku. Disemba ndio mwezi wa madereva kukimbizana ili wapate mzunguko wa pili. Mwisho wa mwaka 2017, usiku wa kuamkia tarehe 31, watu zaidi ya 30 walikufa pale Migaa, karibu na Salgaa, basi lilipogongana na lori, na serikali ikasimamisha kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Shilingi mia mbili au tatu zinazookolewa kwa kupanda gari bovu la usiku si akiba. Aendaye Lamu naye ajue kuwa gari humwacha Mokowe, na bado ana maji ya kuvuka. Asifike giza limeingia. Aendaye Kwale kutoka bara ana barabara ya Dongo Kundu, hana haja ya kukesha foleni ya feri. Na mkoba wa chakula usikosekane. Mahamri na sambusa za nyumbani hushinda chochote utakachouziwa njiani kwa bei ya haraka, na uhalali wake huna haja ya kuuliza.

Najua pia jawabu jingine, lile tulipendalo zaidi: "Inshallah, Mungu atajaalia." Neno hilo ni tukufu, lakini tumelifanya pazia la uvivu. Chuoni tulifundishwa habari ya yule mtu aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu ngamia wake, akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Tulifundishwa pia kisa cha Nabii Yusuf, aliyeweka akiba miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Ikiwa Nabii wa Mungu alijipanga kwa miaka kumi na minne, sisi hatuwezi kujipanga kwa miezi miwili? Kina mama zetu hucheza upatu wa vyombo na wa dhahabu. Nawauliza: upatu wa nauli wawashinda nini? Wakianza Agosti, kila juma shilingi chache, Disemba haitawakuta wakikopa.

Lakini linaloniuma hasa si fedha. Yuko shangazi katika Majengo ya Nairobi aliyemlea bi harusi kwa mikono yake, na harusi ikafungwa tarehe 27 Disemba. Nauli imemshinda, na aibu ikamzuia kusema. Akatuma salamu kuwa anaumwa, na watu wakanong'ona kuwa amejivuna, amesahau kwao. Yuko kijana wa kibarua Malindi ambaye hajamwona mamake mwaka wa tatu, kwa sababu kila aitwapo huitwa wakati wa bei ya juu. Kuunga udugu ni amri katika dini yetu. Tukiyapanga matembezi yetu ili walio na nacho tu ndio wafike, udugu huo twaukata wenyewe, kisha twamsingizia makanga. Mwenye kualika harusi ndiye nahodha wa safari za watu. Tarehe anayoichagua ni nauli anayowatoza wageni wake. Aichague mwisho wa Novemba au siku kumi za mwanzo wa Disemba, aone jinsi watakavyofika hata wanyonge.

Tena kuna haki ya jirani. Juma lile ni la Wakristo, nao hawana jingine la kulibadili. Kila kiti tunachokalia bila dharura ni cha mtu aliyetaka kumwahi mzazi wake siku ya sikukuu. Tukiwapisha, twajifaa sisi na twawafaa wao. Zamu yetu nayo yaja. Mwezi wetu hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2000 Idi ya Fitri iliangukia tarehe 27 Disemba, na kwa hisabu mwaka 2033 itakuwa karibu na tarehe 23 Disemba, mwezi ukiandama. Siku hiyo sote tutakuwa njiani kwa haki zetu, wao na sisi. Jamaa isiyojifunza mapema kujipanga itailia Idi hiyo kwenye kituo cha basi.

Nawaachia ubeti huu, na Mola ndiye mwenye kujaalia:

Safari huanza mbele, si siku ya kuondoka,
Nauli weka kwa pole, kidogo hukusanyika,
Usingoje watu tele, milango ishafungika,
Anayeanza mapema, safari kwake ni njema.