Seneta Cheruiyot na Sheria ya Chai: sahihi ya rais haikumaliza kazi

Mbunge ana hazina ya CDF, gavana ana bajeti ya kaunti, na diwani anajua ni barabara gani ya wadi inayohitaji murram. Seneta hana mfuko wa kujenga chochote. Ndiyo maana wakulima wengi huuliza: huyu tuliyempigia kura ametufanyia nini?

Swali hilo ni la haki. Kazi kuu za seneta ni kutunga sheria zinazogusa kaunti, kugawa fedha zinazotoka Nairobi kwenda kaunti 47, kufuatilia matumizi yake, na kuamua hatima ya gavana anapotimuliwa na bunge la kaunti. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokatiwa utepe.

Tuchukue mfano wa Aaron Cheruiyot, seneta wa Kericho, na Sheria ya Chai ya mwaka 2020.

Alivyofika Seneti

Cheruiyot aliingia Seneti kupitia uchaguzi mdogo wa Machi 2016, baada ya Charles Keter kuacha kiti hicho na kuwa Waziri wa Kawi. Aliwania kwa tiketi ya chama cha JAP na kumshinda mgombea wa KANU katika kinyang'anyiro kikali. Alichaguliwa tena mwaka 2017 kupitia Jubilee, na mwaka 2022 kupitia UDA. Baada ya uchaguzi huo wa 2022 alifanywa Kiongozi wa Wengi. Hapo ndipo shughuli za serikali hupitia katika Seneti.

Wakenya wengi walimsikia zaidi Oktoba 2024, Seneti ilipomsikiliza na kumwondoa aliyekuwa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Lakini kwa mkulima wa Kericho, Bomet, Nyamira au Murang'a, kazi yake iliyo karibu zaidi na mfuko wake ni ile ya chai.

Kwa nini chai ilifika Seneti

Chini ya Katiba ya 2010, kilimo kiligatuliwa kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mswada wa chai ni mswada unaohusu kaunti, na Seneti lazima ishirikishwe. Ungehusu ushuru wa taifa peke yake, ungebaki mikononi mwa Bunge la Kitaifa.

Wakati huo malalamiko yalikuwa mengi. Bodi ya zamani ya chai ilikuwa imevunjwa na kazi zake kuingizwa katika Mamlaka ya Kilimo na Chakula, pamoja na mazao mengine mengi. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanapeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 likiwa mali ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000. Wengi wao hawakuelewa nani anakata nini kati ya kituo cha kununulia majani na mnada wa Mombasa.

Cheruiyot aliwasilisha mswada wake mwaka 2018. Ulipitia Seneti, ukaenda Bunge la Kitaifa, na Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi Desemba 2020. Hiyo ni safari ya zaidi ya miaka miwili. Miswada mingi ya Seneti hufia njiani, hasa inapofika upande wa pili wa Bunge, kwa hiyo kufika Ikulu peke yake si jambo dogo.

Mageuzi yalisema nini

Sheria hiyo ilirudisha Bodi ya Chai ya Kenya, ikiwa na wawakilishi wa wakulima ndani yake, na taasisi ya utafiti wa chai. Iliruhusu pia tozo ya chai, ambayo sehemu yake ingetumika kutuliza mapato ya mkulima bei inapoanguka.

Mwaka huohuo Wizara ya Kilimo, chini ya waziri Peter Munya, ilitoa kanuni za chai. Kwa pamoja, sheria na kanuni hizo zililenga mambo matatu: chai ya kuuzwa nje ipitie mnadani ili bei ionekane, ada ya msimamizi wa viwanda isizidi asilimia 1.5 ya mauzo halisi, na mtu mmoja asiwe dalali na papo hapo mnunuzi.

Kwa lugha ya shambani: mkulima aweze kuona kilo yake ilivyouzwa, na aliyekata senti ajulikane.

Baada ya sahihi

Hapa ndipo wengi hupoteza habari. Mswada ukishatiwa sahihi, redio hutangaza, wanasiasa hushangilia, kisha watu hurudi kuchuma. Lakini sheria inaweza kukwama hata baada ya siku hiyo.

Ya chai ilikwama kwanza mahakamani. KTDA ilipinga mageuzi hayo, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vya sheria. Hiyo ni haki ya kila anayeona sheria inamwonea. Kwa mkulima, hata hivyo, maana yake ilikuwa kwamba sheria ipo kwenye karatasi lakini sehemu zake haziwezi kutumika.

Pili, kuna soko. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya mnada, dola 2.43 kwa kilo, kwa chai ya viwanda vya KTDA. Chai ambayo wanunuzi hawakuitaka kwa bei hiyo ilirundikana maghalani, na mwaka 2024 bei hiyo ya chini iliondolewa. Bei hiyo haikutoka kwenye mswada wa Cheruiyot, lakini mkulima anayepokea bonasi hatofautishi. Kwake yote ni "mageuzi ya chai".

Tatu, kuna pengo la bonasi. Katika malipo ya 2024 na 2025, viwanda vingi vya mashariki mwa Bonde la Ufa vililipa vizuri kuliko vile vya Kericho na Bomet. Seneta aliyeleta sheria anatoka upande uliolipwa kidogo. Ubora wa majani, gharama za kiwanda, madeni na maamuzi ya wakurugenzi, vyote vinaingia katika hesabu hiyo, na Seneti haiwezi kuvipigia kura.

Apimwe kwa kipi?

Kusema sheria haikuleta chochote si kweli. Bodi ya Chai ipo tena, na mkulima ana pa kupeleka lalama. Kusema sheria imemkomboa mkulima pia si kweli, na bonasi inashuhudia.

Kipimo cha haki ni ufuatiliaji. Mwaka 2016 Cheruiyot alikuwa seneta mgeni. Tangu 2022 anakaa mahali penye nguvu zaidi: anapanga shughuli za Seneti pamoja na viongozi wenzake, na waziri akiitwa kujibu maswali, sauti yake inasikika. Kiti hicho pia kina mvutano wake, kwa sababu Kiongozi wa Wengi hutetea serikali, ilhali seneta hutetea kaunti. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 465, Bunge la Kitaifa likasema 405, na mwafaka ukawa bilioni 415. Katika mivutano ya namna hiyo ndipo mwananchi huona seneta wake ameegemea wapi.

Kwa hiyo, seneta wako akija kwenye baraza au mazishi, usimuulize tu amejenga nini. Muulize vifungu gani vya sheria aliyoleta vinatumika leo, vipi vimekwama, na amefanya nini kuvikwamua. Na siku ya kuchagua wakurugenzi wa kiwanda chako, nenda ukapige kura: hesabu ya bonasi hupita kwanza mezani pao, na seneta hana kiti katika kikao hicho.