Ramani ya simu haifiki kisiwani, na ni heri isifike

Leo tuzungumze kuhusu ramani za simu, na mfano wangu utakuwa safari ambayo hakuna simu inayoweza kuimaliza: kutoka hapa Malaba hadi Central Island, ile mbuga ya kitaifa iliyo kisiwani, katikati ya Ziwa Turkana.

Kwa wasiokijua, kisiwa chenyewe ni volkeno. Ukubwa wake ni kama kilomita 5 za mraba tu, lakini kina kreta zaidi ya 12, na tatu kati yake zimejaa maji zikawa maziwa: Ziwa la Mamba, Ziwa la Flamingo na Ziwa la Tilapia. Volkeno hii haijafa. Mwaka 1974 mvuke na salfa vilionekana vikifuka hata na watu waliokuwa nchi kavu ng'ambo ya maji. Mamba wa Nile huzaliana hapo kwa wingi. Serikali ilikifanya kisiwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983, na mwaka 1997 UNESCO ikakiandikisha kuwa Urithi wa Dunia pamoja na Sibiloi. Nani asingependa kupaona?

Basi unatoa simu mfukoni na kuandika jina. Hapo ndipo vituko vinaanza.

Kwanza ni kupapata. Jina "Central Island" halina ladha yoyote, linamaanisha tu kisiwa cha kati, na dunia ina visiwa vya kati vingi. Ukiandika kwa Kiswahili hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu aliyeweka jina kwenye ramani aliliweka kwa Kiingereza na kompyuta haibahatishi maana, inalinganisha herufi. Ushauri wangu kwa mahali pa aina hii ni kuachana na majina na kutumia namba. Andika latitudo 3.5 Kaskazini na longitudo 36.04 Mashariki, utaangukia kisiwani moja kwa moja. Tena GPS haihitaji mtandao wa simu. Hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti, na tangu Marekani ilipoacha kuyachafua kwa makusudi tarehe 2 Mei 2000, kosa lake kwa raia wa kawaida ni mita chache. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani. Hiyo ipakue mapema kabla hujaondoka.

Pili ni barabara. Kutoka Malaba unafuata barabara kuu ya malori hadi Bungoma, kisha Webuye. Hapo unaliacha kundi la malori yanayotoka Mombasa na kushika A1 kwenda Kitale. Kutoka Kitale unapita Kapenguria, unateremka Marich, unafika Kainuk mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, halafu Lokichar, halafu Lodwar. Baada ya Lodwar unaiacha A1 inayoelekea Kakuma na kushika ile ya Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson. Yote hayo ni kati ya kilomita 450 na 500. Kutoka Kalokol hadi kisiwani ni kama kilomita 20 kwa mstari ulionyooka, na zote ni maji.

Hizo 20 ndizo zilizonifanya niandike.

Tuangalie simu inavyofikiri. Kwa kompyuta, barabara zote za Kenya ni grafu, yaani vituo vilivyounganishwa kwa mistari, na kila mstari una gharama yake, iwe kilomita au dakika. Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni algoritimu ya kutafuta njia fupi kwenye grafu ya namna hiyo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba ilimchukua kama dakika 20 akiwa kwenye mkahawa mjini Amsterdam, akaichapisha mwaka 1959. Hadi leo kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta huisoma, na programu nyingi za ramani zinatumia watoto na wajukuu wake. Sharti lake ni moja: lazima pawe na mstari. Kati ya Kalokol na kisiwa hakuna mstari, na algoritimu haiogelei.

Sasa programu ina mambo mawili ya kufanya. Inaweza kukuambia hakuna njia. Au inaweza kutafuta barabara iliyo karibu zaidi na ile nukta uliyoiweka, ikakupeleka hapo na kutangaza kwamba umefika. Watu wengi hupenda hii ya pili kwa sababu inaonekana kusaidia. Mimi naiogopa.

Fikiria kidogo. Ziwa Turkana lina urefu wa kama kilomita 250 na halina daraja. Kisiwa kiko katikati. Kama mchora ramani aliweka kijinjia cha gari karibu na ufuko wa mashariki, upande wa Sibiloi, kisha akasahau njia za ufuko wa magharibi, "barabara iliyo karibu zaidi" itakuwa ng'ambo. Simu itakuzungusha ziwa zima hadi nchi ya mbali kabisa, kwa sauti ileile tulivu, ikiwa imekosea kwa kilomita mia kadhaa, na wala haitakuwa imevunja kanuni hata moja. Imefanya ilichoambiwa.

Msidhani natia chumvi. Mwezi Machi 2012 watalii watatu Wajapani huko Australia walifuata GPS wakitaka kufika kisiwa cha North Stradbroke. Wakaliingiza gari la kukodi kwenye ghuba wakati maji yamekupwa, likakwama kwenye tope, maji yakajaa, wakaliacha. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia. Maji yale hayakuwa na mamba.

Kosa la aina hii linatoka wapi? Linatoka kwenye data. Programu hukadiria muda wa safari kwa njia mbili: ama kwa daraja la barabara, kwamba barabara kuu ni kasi fulani na ya vumbi ni kasi fulani, ama kwa simu za madereva waliopo barabarani muda huo. Njia hii ya pili huhesabu simu, haioni magari. Mwezi Februari 2020 msanii Simon Weckert alionyesha jambo hilo mjini Berlin: alivuta kijitoroli chenye simu 99 katika mtaa mtupu, na ramani ikapaka mtaa ule rangi nyekundu ya msongamano. Sisi wa Malaba tusimcheke Mjerumani. Foleni ya malori hapa kwetu ni toroli la Weckert la kila siku: simu mamia zimetulia ndani ya vyumba vya madereva wanaosubiri karatasi, huku bodaboda na magari madogo yakipita pembeni. Ukitaka kujua kama njia inapitika, unamuuliza turniboi.

Huko kaskazini hali ni kinyume. Ukishavuka Kapenguria simu zinapungua, kwa hiyo kipimo kinarudi kwenye daraja la barabara. A1 ni barabara kuu, basi kompyuta inaipa kasi ya barabara kuu. Haijui kwamba njia inakata laga, yaani mito ya msimu ambayo asubuhi ni mchanga mkavu na jioni ni gharika, hata kama pale uliposimama haijanyesha tone, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Mwezi Novemba 2019 maporomoko ya ardhi na mafuriko yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi na kukata mawasiliano ya barabara. Kwenye grafu, mstari unaendelea kuwepo mpaka binadamu aufute. Vilevile grafu haijui usalama. Eneo la Kainuk limesumbuliwa na ujambazi kwa miaka mingi, na mwezi Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti kadhaa za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, kuwa maeneo yenye misukosuko. Algoritimu inatafuta njia fupi. Njia fupi na njia salama ni maswali mawili tofauti, na la pili huulizwa kituo cha polisi Kapenguria, siku hiyohiyo unayosafiri.

Hata ufuko wenyewe hautulii. Katika miaka ya 1980 Wanorwe walifadhili kiwanda cha samaki pale Kalokol. Baadaye Ghuba ya Ferguson ikakauka na maji yakakimbia mbali na kiwanda. Miaka ya karibuni, hasa 2020 na 2021, maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda na kumeza fuko, Turkana likiwemo. Kwa hiyo ule mstari wa buluu kwenye simu yako ni picha ya siku fulani tu. Gari linaloufuata bila macho litazama mchangani au majini, inategemea mwaka.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo wenzangu waandishi wa programu hupenda kunibishia. Wanasema: mbona ni rahisi! OpenStreetMap, ile ramani huru iliyoanzishwa na Steve Coast mwaka 2004, inamruhusu mtu yeyote kuhariri, na ina alama maalumu ya njia ya feri. Chora mstari kutoka Kalokol hadi kisiwani, uupe alama ya feri, na simu zote zitapata njia. Dakika tano kazi imekwisha.

Napinga, tena kwa nguvu. Alama ya feri ni ahadi. Inamwambia msafiri kwamba kuna chombo, kina ratiba, kinakubali abiria. Pale Kalokol hakuna feri. Kuna boti za kukodi na wavuvi wanaolijua ziwa, na kuna upepo. Upepo wa Ziwa Turkana si wa mchezo: ni uleule ulioifanya kampuni ya Lake Turkana Wind Power kusimamisha mitambo 365 upande wa Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Nahodha anaweza kutazama maji asubuhi akakuambia leo hatuendi, na hiyo ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote katika safari nzima. Mwaka 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka hadi South Island, kisiwa kingine cha volkeno katika ziwa hilohilo, na hawakuonekana tena. Mtu anayechora feri isiyokuwepo anaondoa swali ambalo lilipaswa kuulizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Simu inaposema hakuna njia, haijashindwa. Imefika mwisho wa inachokijua na imekuwa mwaminifu. Tatizo ni kwamba inanyamaza hapo. Programu nzuri ingesema: barabara inaishia Kalokol, kilomita zilizobaki ni maji, tafuta mwenye boti na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kuendelea, taarifa hii ilithibitishwa lini na mtu aliyekuwa pale. Hayo ni maneno manne matano kwenye hifadhidata, hayahitaji akili bandia. Yanahitaji mtu wa Kalokol kuyaandika, na programu iliyotengewa mahali pa kuyaweka.

Na hapa ndipo penye deni letu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao wenyewe kupitia Map Kibera, wakati kwenye ramani nyingi mtaa ule ulikuwa doa tupu. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo. Google nayo iliwahi kuwa na Map Maker, tuliyoichangia wengi barani, ikafungwa mwaka 2017. Funzo ni kwamba ukichora, chora mahali ambapo data inabaki mali ya umma. Lodwar ina chuo, ina vijana wenye simu janja na wanaojua laga ipi hufurika. Hapa Malaba na Busia tunajua barabara zetu za panya na zile halali. Tuziandike zile za halali, jamani, pamoja na mahali zinapoishia.

Kwa anayetaka kwenda, muhtasari ni huu. Pakua ramani ukiwa Kitale, na uhifadhi nukta mbili: Kalokol na kisiwa. Jaza mafuta Lodwar. Ada za mbuga za KWS hulipwa kwa njia ya kielektroniki, basi maliza jambo hilo penye mtandao. Usiingie laga yenye maji, hata kama lori limepita mbele yako. Ukifika ziwani, zima sauti ya simu na umsikilize nahodha. Kama boti haina jaketi za kuokolea maisha za watu wote, usipande. Na nahodha akisema ngoja hadi kesho, ngoja hadi kesho.